Robota Hakula Pamba

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa Dodoma,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini mama yako yuko hapo begani mwako na atakulazimisha, kwa hiyo naipokea mapema tuendelee na habari za maana.

Habari ya maana ni paka wako. Mzima. Nimeitanguliza hiyo ili usiruke mistari kuitafuta, maana nakujua. Siku mama yako alipokuja kukuchukua hapa Kasoli, mimi niliyekulea tangu unatambaa uliniaga kwa mkono mmoja, Robota ukamkumbatia kwa miwili mpaka akakukwaruza shingo. Nikajisemea, haya, nimeletewa mke mwenza mwenye mkia.

Nilicheka, lakini iliniuma. Na simu zako za mwanzo ziliniuma zaidi. "Bibi, Robota yupo?" Yupo. "Anakula?" Anakula. "Haya." Halafu unamrudishia mama yako simu. Habari za shule hakuna, za marafiki hakuna. Mama yako akaniambia hata huko nyumbani huongei. Basi nikamtunza paka yule kama mboni ya jicho, maana niliona akifa yeye, mimi na wewe hatuna tena la kuzungumza.

Sasa sikia. Pamba tumeshavuna, imejaa kile chumba ulichokuwa unalala, tunangoja chama cha ushirika kianze kununua. Robota naye, kwa ule unene na weupe uliomfanya umpe jina la mzigo wa pamba, akahamia juu ya lundo. Asubuhi moja namwona amejikunja, shingo kainyoosha, anakohoa kama mzee wa kiko: hak, hak, hak! Akatapika kitu kirefu, cheupe, kimelowa. Mayu wane, mama yangu we! Nikajua amekula pamba. Na pamba yenyewe si tuliipulizia dawa ya wadudu? Nikaona sumu, nikaona kaburi, nikaiona na simu yako.

Nikafanya anachofanya kila mtu huku kwa aliyekula sumu. Nikammiminia maziwa, bakuli zima. Akanywa, akaharisha, akagoma kula, akajificha chini ya kitanda changu. Na wewe ukapiga siku hiyo hiyo. "Bibi, Robota anakula?" Sikuweza kukudanganya. Nikasema leo hajala, anaumwa. Ukamrudishia mama yako simu bila hata ile haya yako. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani mbio bila hata kujitanda.

Bwana mifugo wetu siku hizi ni binti, hata sijui tumwiteje. Nilimkuta kwenye josho anahangaika na ng'ombe za watu, nikamng'ang'ania mpaka akaja. Akaomba aone kile alichotapika paka. Akakichambua kwa vijiti taratibu, kisha akatabasamu.

"Bibi, hii siyo pamba. Ni manyoya yake mwenyewe."

"Ameyala?"

"Anajilamba, si unamwona? Ulimi wake unakwaruza kama msasa. Yale manyoya anayameza. Mengi yanatoka na choo, mengine yanajiviringisha tumboni mpaka ayatapike. Huyu ana manyoya mengi kupita kiasi."

Akambonyeza tumbo, akasema ni laini, hajaziba. Kinachomharisha ni maziwa yangu, basi! Akasema nimwekee maji safi, na ikifika kesho hajala, au akikohoa na kukohoa bila kutoa kitu, nimpeleke mjini Bariadi, nisingoje. Maziwa akanikataza kabisa.

Hapo ndipo nikamkumbuka yule ndama, na wewe utamkumbuka. Ile Krismasi babu yako alipochinja, wewe na wenzako mkakuta tumboni mpira wa manyoya, mgumu, mviringo kabisa, nanyi mkauosha na kuupiga uani hadi ukaingia kwenye sufuria ya mboga. Babu aliwafukuza huku anacheka. Alituambia ndama anayelamba wenzake sana hujaza manyoya tumboni. Niliyasikia kwa masikio haya, na bado nikailaumu pamba!

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini kulipokucha Robota alitoka mwenyewe, akanywa maji, akala dagaa wote na bado akanitazama kama ananidai. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Sasa kila asubuhi namchana kwa kile kitana chenye meno madogo, hapo mlangoni kwenye jua. Mwanzoni aliniuma, siku hizi ananigeuzia ubavu mwingine mwenyewe. Manyoya yanayotoka unaweza kujaza mto. Mama jirani akipita kuteka maji ananiuliza, "Bibi, leo umemsuka mtindo gani?" Namjibu, "Ule msuko wa twende kilioni, ila kilio hakuna, amepona!" Bado anakohoa mara moja moja, anatoa kidogo, anaendelea na safari zake. Sishtuki tena. Chumba cha pamba nimekifunga, maana karani wa mizani ana macho makali, akiona manyoya kwenye pamba ataikataa.

Halafu ukapiga Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa, nina taarifa kamili ya paka kuanzia masikio hadi choo. Ukasema, "Bibi, na wewe umekula?"

Mimi, ninayejulikana kijiji kizima kwa mdomo, nikaiweka taarifa yangu pembeni. Nikasema nimekula ugali na mlenda. Ukaniambia huko kwenu mlenda hawaupiki kama wangu. Ukaniambia habari za mwalimu wenu anayepiga chafya kila akishika chaki, na za rafiki yako wa dawati moja anayekufundisha kuendesha baiskeli, na kwamba ulianguka, na kwamba hukulia. Tukaongea mpaka salio la mama yako likaisha.

Robota hukumuulizia kabisa, mume wangu.

Nilikaa na ile simu sikioni hata ilipokuwa imekatika. Likizo ikifika njoo, nami nitakungoja.

Mkeo mzee,
Bibi yako wa Kasoli