Bati Likinyamaza

Jumanne, baada ya magharibi

Kwa hiyo moyo ni mzima. Daktari niliyemwona asubuhi anasema tatizo ni ubongo wangu: hata nikipumzika, wenyewe unaendelea kuchungulia hatari, ndiyo maana hofu inanivamia nikiwa nimekaa tu.

Akaniambia nifumbe macho, nisiwaze chochote. Nikafumba. Nikajikuta nasikiliza bati la paa. Miaka yote hii naanika dagaa Kibirizi, sikio langu liko kwenye mvua. Nilipomwambia, aliguna tu, akaandika.

Mchana nikarudi kazini, na mvua ikaja kweli. Wenzangu walikimbia kuanua. Mama Riziki, ambaye kichanja chake cha kuanikia kiko jirani na changu, akapiga kelele, "Dada, dagaa zako! Unasubiri nini?"

Nilibaki nimesimama tu. Moyo haukwenda mbio. Nilitazama dagaa zikilowa kama za mtu mwingine. Mama Riziki ndiye aliyezifunika kwa turubai lake, zake zikiwa bado nje. Hata asante sikusema.

Sasa mvua imekatika. Bati limenyamaza, nimekaa kitandani, pakavu, mlango nimefunga.

Na moyo ndiyo kwanza unaanza kwenda mbio.