Halbadiri ya Mashine ya Gemu

Mishomoroni, Kisauni
Jumatano, 10 Novemba 1999

Dada yangu Mwanabibi,

Shikamoo dada. Natumai huko Likoni hamjambo na miguu yako imepungua kuvimba. Wapwa zangu nawabusu vichwa. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenihama tangu uliposema Halbadiri itasomwa Ijumaa, imwangukie aliyeiba mashine ya gemu ya watoto, ile aliyoileta baba yao kutoka Muscat wakaiacha kwangu.

Dada, wanijua. Redio ya meli iliyowashinda Wagiriki niliifufua kwa kijiko. Basi nilipopata kompyuta kuukuu na sidii yenye programu ya kuiigiza mashine ile, nikatangaza mtaa mzima kuwa Idi watoto watacheza gemu humo. Kuiwasha, ikagoma. Ikaandika yataka faili ya mfumo, ile inayoiamsha mashine yenyewe.

Mpangaji wangu Kioko, karani wa kompyuta huko Changamwe, akanieleza taratibu: faili hunakiliwa kwa waya kutoka kwenye mashine yenyewe, kisha huwekwa kwenye folda yake ndani ya kompyuta, na jina lisikosewe hata herufi. Nikamjibu nilianza kufungua redio yeye hajazaliwa.

Siku ya pili mashine ya gemu haikuonekana. Watu wakasema ni Kioko, si yeye aliyekuwa akiiulizia? Nawe ukaniagiza nimtoe nyumbani. Nikampa hadi mwisho wa mwezi.

Jana akaja na disketi. Ameinakili faili kutoka kwenye mashine kama ile, ya rafikiye. Akaiweka, akaliandika jina herufi kwa herufi, gemu ikawaka. Akanambia, "Mzee Mohdhar, mimi nahama, lakini watoto wa dadako wasikose Idi."

Dada, mwizi hakuna. Niliifungua mimi. Nilidhani faili ni kile kidude cheusi chenye miguu mingi, nikakichomoa kwa chuma cha moto ili nikichomelee kwenye kompyuta, kama nifanyavyo kwa redio. Mashine ikafa. Iko juu ya kabati, chini ya mikeka.

Nimeandika kwa kuwa kinywa changu kingetia chumvi. Hapa sikutia hata chembe. Wallahi, mwambie maalim asisome; Halbadiri haichagui ndugu. Ngowa, mleta barua, anacho kile kidude ndani ya leso. Kioko nitamwambia leo baada ya magharibi, barazani, mbele ya walewale waliomwita mwizi.

Nisalimie wote, na unisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Mohdhar
Fundi wa redio, basi.