Kaburi la Kumi na Mbili

Bodo,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Dadangu Subira,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na nguvu zako, na lile goti lililokusumbua mfungo uliopita limetulia. Shemeji hajambo? Wapwa zangu, Yusra na Alamin, waambie mjomba wao yuko Bodo anakula samaki wa kupaka kama sultani. Mwili wangu mzima. Mengine utayasoma humu.

Usishangae kuletewa karatasi na Jecinta muuza mboga wakati simu ninayo. Simu hapa sipewi nafasi kuishika peke yangu. Nikipiga tu, watu wanne wanakaa kunisikiliza, na mmoja lazima atake kumsalimu ninayezungumza naye.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye niliyechora ile ramani kubwa ya ukutani hotelini Diani, Mtaliano akaitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema kwao hakuna mkono kama huu. Rubani mmoja alipotewa na njia juu ya Ukunda, akafunua ramani yangu, akatua salama. Hilo watu walinificha, nimelijua baadaye. Na kisiwa cha Funzi nilikipima kwa hatua za miguu yangu. Maji yakajaa nikiwa upande wa mikoko, nikaogelea huku nahesabu, na hesabu haikupotea hata moja. Niliishia darasa la sita, lakini wenye digrii wanakuja kuniuliza mimi.

Basi mwezi wa tatu Bi Mbeyu, mjane wa hapa, aliniita nimchoree shamba la ukoo wao. Kuna tajiri anataka kujenga hoteli hapo, naye anadai watu hawa ni wageni wa juzi. Wajua huku kwetu mtu huonyesha shamba lake kwa minazi aliyopanda babu yake na makaburi ya waliolala humo. Nikazunguka siku tisa. Kila mnazi mkongwe niliutia, kila kaburi nililitia, kwenye karatasi ya manila yenye upana wa mlango. Alhamisi hii afisa wa kupima ardhi, bwana mmoja wa kutoka bara aitwaye Kivuva, anakuja na baraza lake kuamua. Ramani yangu ndiyo ushahidi, na mimi nitaapishwa kwa Msahafu kwamba yote yaliyomo niliyaona kwa macho yangu.

Tangu Ijumaa watu wa Bi Mbeyu wamenikalisha kwao, hawaniachi. Wanaogopa tajiri asije akaninunua. Viatu vyangu wamevificha, kwa heshima, lakini wamevificha. Nikienda msalani, Mzee Swabir, shemeji yake Bi Mbeyu, hunisindikiza mpaka mlangoni akaningoja akikohoa. Nikisema nataka kufika Msambweni kununua wino, wino unaletwa. Nikisema naumwa, tabibu anaitwa na kuku anachinjwa. Nimenenepa, dada, na pumzi sipati.

Sasa nikwambie nisilowahi kumwambia mtu.

Unakumbuka wauza fulana wa ufukweni walivyoiiba ramani yangu ya Diani wakaichapa vifuani? Sikuwa na la kuthibitisha. Tangu hapo, kila ramani ninayochora natia uongo mmoja mdogo, kisima kisichokuwapo au njia isiyokwenda popote, ili atakayeiba nimjue. Mkono umezoea. Makaburi ya ukoo wa Bi Mbeyu ni kumi na moja. Mimi nilichora kumi na mawili.

Hilo la ziada nililiweka karibu na mikoko, mahali patupu. Bi Mbeyu alipoiona ramani aliniuliza hilo ni la nani. Hapo ndipo ningesema. Ulimi wangu ukanitangulia, nikamjibu kwamba hilo ndilo la kale kuliko yote, na kwamba jicho la kawaida lisingeliona. Mzee Swabir akakaa chini. Akasema basi ni Menza, babu yake Bi Mbeyu, aliyefariki wakati wa njaa na hakuna aliyejua alikozikwa. Bi Mbeyu alilia, dada, si kilio cha mchezo. Siku ya pili yake wakafyeka pale, wakapanga mawe, wakatandika kitambaa cheupe, wakasoma hitima. Mimi mwenyewe nilikula pilau ya hitima hiyo.

Jana Kivuva alipita kukagua mipaka. Nikamvuta kando, nikamuuliza kama kwa mzaha, mchoraji akiwa amekosea inakuwaje. Akasema kabla ya kiapo marekebisho anayapokea, mradi wenye shamba watie sahihi. Baada ya kiapo, uongo mmoja ukijulikana, ramani nzima inatupwa. Na wakili wa tajiri ameshaomba lile la mikokoni likaguliwe na wataalamu. Likijulikana, yale kumi na moja ya kweli yanatupwa nalo, na Bi Mbeyu hana karatasi nyingine ya kuonyesha.

Basi leo asubuhi nikawaambia wote, barazani kwa Bi Mbeyu, baada ya chai. Nikasema kaburi lile nimelitunga mimi. Wakacheka! Mzee Swabir alijipangusa macho, akasema hadithi zako wewe Waziri zitatuua kabla ya huyo tajiri. Nikaapa. Wakazidi. Akaitwa jirani aliyechelewa, nikaombwa niianze upya. Bi Mbeyu peke yake hakucheka. Aliniuliza taratibu, tajiri amenifikia lini. Kuhusu sahihi, akasema babu yake amempata juzi tu, hamtoi.

Dada, njoo. Kabla ya Alhamisi, hata kwa bodaboda. Nimedanganya walimu, nimedanganya wenye hoteli, nimedanganya wake wawili, lakini wewe hata siku moja sikukuweza, tangu tukiwa watoto. Bi Mbeyu mlisoma chuo cha Kurani pamoja, neno lako atalishika. Kaa naye, unitazame usoni mbele yake nikisema, kisha umwambie kwamba hii ni kweli. Ramani mpya ya makaburi kumi na moja nimeshaichora, iko chini ya godoro. Kuninunia ataninunia mpaka kufa, najua. Shamba abaki nalo.

Msalimie shemeji, ila haya usimsomee. Majirani wote nawasalimu. Na ukifika, usinisifu kwa jambo jingine lolote, sifa zangu hapa zimeshajaa. Niungie mkono kwa hili moja tu.

Nduguyo mdogo,
Waziri