Kikao cha Dodoso la Kurui na Swali la Saba

CHAMA CHA MIKOPO MIDOGO JITIHADA, KIBAHA NA KISARAWE
KAMATI YA KUFUATILIA MAISHA YA WANACHAMA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Ofisi ya chama, Tangini

Waliohudhuria:
Ndg. Ambokile – Mwenyekiti
Bi. Eugenia – Katibu
Mzee Isihaka – Mjumbe, Kurui
Bi. Mwanakheri – Mjumbe, Kurui
Bi. Blessing – Afisa Ufuatiliaji, mwalikwa (binti wa Katibu)

Asiyehudhuria: Ndg. Hussen. Alisema yuko njiani, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Kikao kilipangwa saa 4:00 asubuhi, kikaanza saa 5:35 wajumbe wa Kurui walipofika na matope hadi magotini. Mwenyekiti alisema hiki ni kikao cha tatu kwa jambo lile lile, amechoka, asizunguke mtu.

KUMB. NA. 2/06/2025: TAARIFA YA DODOSO
Afisa alieleza kwamba alipita kaya kumi na tisa za Kurui kuuliza kama mikopo imebadilisha maisha: milo, vyombo, viti, paa. Matokeo yalionyesha wote wako vizuri, hivyo kituo cha Kurui kifungwe Julai, kihamie kwenye shida zaidi. Taarifa ilisomwa bila kukwama hata mahali pamoja, na ikumbukwe huyu ndiye wa kwanza kupata stashahada katika ukoo wetu. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike ya kikao tu. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/06/2025: MALALAMIKO YA KURUI
Mzee Isihaka alisema binti ni mchapakazi ila hakuona kitu. Kurui mgeni wa daftari haketishwi mkekani. Viti sita na chupa ya bluu ya chai ni vya jirani yao Bi. Tunu, na vilikuwa vinamtangulia Afisa kwa njia ya nyuma, nyumba hadi nyumba. "Mwanangu, chupa ile ile umeinywea chai nyumba kumi na tisa, hukuijua?" Afisa alijibu kwamba alidhani wamenunua duka moja. Wajumbe walicheka, hata Mwenyekiti.

Bi. Mwanakheri hakucheka. Alisema kituo kikifungwa hana pengine pa kupata mkopo wa mbegu, na msimu hausubiri. "Nilimwambia tunakula mara tatu. Ningesemaje mara moja, na wakwe zangu wamekaa pale?"

Katibu alisema dodoso halina kosa, wenye kosa ni waliodanganya. Bi. Mwanakheri aliuliza, "Na wewe mama Blessing, ya kwako alikuuliza nani?" Afisa alikiri kwamba fomu ya mama yake, ya majaribio kabla ya kwenda Kurui, aliijaza mwenyewe nyumbani, kwa kuwa majibu anayajua.

KUMB. NA. 4/06/2025: SWALI LA SABA
Mwenyekiti aliagiza Katibu aulizwe hapo hapo. Afisa alisoma: "Tangu ujiunge na chama, umewahi kulala bila kula ili mwingine ale?" Kwenye fomu ilikuwa Hapana.

Katibu alijibu Ndiyo. Alipoulizwa lini, alisema ile miaka miwili binti alipokuwa chuo, siku nyingi tu, na mtoto alikuwa anaambiwa mama kala kazini.

Afisa alikata lile Hapana, akaandika upya, akaomba kutoka nje. Bi. Mwanakheri alimfuata na maji. Katibu anaomba iingie kwamba mwandiko ulikuwa mzuri hata hapo.

KUMB. NA. 5/06/2025: MAAZIMIO
Kituo cha Kurui hakifungwi mpaka dodoso lirudiwe. Afisa ataenda bila kutoa taarifa, ataketi mkekani, na atamuuliza kila mtu akiwa peke yake, si mbele ya wakwe. Aliporudi ndani aliuliza aanzie wapi. Bi. Mwanakheri alisema, "Anzia kwangu, mwanangu. Chai utaikosa."

KUMB. NA. 6/06/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 8:10 mchana. Sahani za wali zililetwa nne, watu watano. Katibu alisema yeye ameshakula nyumbani. Afisa alimsogezea ya kwake, akamsimamia mpaka akaimaliza.

Mwenyekiti: Ambokile ....................
Katibu: Eugenia (mama Blessing) ....................