Programu Iliyomtafuta Mama Bhoke

Jumamosi, Mugumu. Mvua imekata, matope yamebaki. Mdogo kalala mgongoni, Bhoke anakula uji kwa kijiko cha baba yake. Nimechoka, ila leo ni uchovu mtamu.

Wa jana ulikuwa mwingine.

Shajara, unaijua ile programu yangu ya wanyama. Mtoto akibonyeza picha ya ng'ombe, anasikia jina lake kwa Kikurya, kwa sauti ya mama mkwe wangu, niliyemfuata mpaka Gorong'a kumrekodi. Nimeiandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, mimi wa kidato cha nne, niliyejifunza kwa video za kwenye simu huku nanyonyesha. Hapa nyumbani inafanya kazi vizuri tu.

Jana nikaipeleka chekechea kwa Mwalimu Rhobi, kwenye kompyuta yao. Ikafunguka. Viboksi vitupu. Nabonyeza, kimya. Watoto wananitazama.

"Ng'ombe wameibiwa!" mmoja akapiga kelele. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Rhobi naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Mama Bhoke, Jumatatu wazazi wanakuja. Kama haisemi, mimi nitawaimbisha watoto tu."

Na mama mkwe alishatangaza kwao kwamba Jumatatu sauti yake itasikika shuleni. Nikampigia, nikampa shikamoo, nikampa na habari.

"Sasa sauti yangu umeipeleka wapi? Umeisahau kwenye basi kama mwavuli?"

Nikamwambia nitaitafuta.

Leo nimeisoma programu mstari kwa mstari mpaka nikaliona kosa. Kila picha na kila sauti niliielekeza kwa njia ndefu: anzia kwenye diski ya kompyuta yangu, ingia folda ya Mama Bhoke, fika hapo. Folda ina jina hilo kwa sababu tangu nizae hakuna anayeniita jina langu. Hata kompyuta iliponiuliza mimi ni nani, nilijibu hivyo hivyo. Basi programu ilifika shuleni, ikaulizia kwa Mama Bhoke, haikupaona, ikanyamaza.

Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Nilikuwa natafuta nepi nimbadilishe ndipo nikaelewa. Nikitoka na mtoto, simwambii mtu nepi ziko kwenye kabati la chumbani kwetu. Namwambia angalia kwenye mkoba. Tuwe safarini Kemambo, tuwe sokoni, mkoba tunao.

Kwa hiyo folda za picha na sauti nimeziweka pamoja na klasi yangu, kile kipande cha programu nilichokiita Mnyama, vyote nikavifunga kwenye faili moja. Njia ndefu nimezifuta. Sasa programu ikishaanza kufanya kazi, inamuuliza Mnyama mwenyewe kwa amri ya getResourceAsStream: nipe kilicho pembeni yako. Kompyuta ni ya nani, haihusu.

Sikuijaribu kwenye kompyuta yangu. Hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatia flashi kwenye mkoba, nikaenda steshenari ya Hamisi, pale tunapotoa kopi. Hamisi akanipisha kwenye kiti chake.

Ng'ombe akatokea. Nikabonyeza.

Sauti ya mama mkwe ikajaa duka lote. Kijana aliyekuwa anasubiri kopi zake akageuka mlangoni, "Shikamoo mama." Hakukuwa na mtu. Hamisi alicheka mpaka akashika meza.

Nikampigia mama mkwe, nikaweka simu karibu na spika, nikabonyeza wote, mmoja baada ya mwingine.

"Huyo punda nimemsema vibaya," akasema. "Nilikuwa na mafua. Njoo turudie."

"Hapana, mama. Punda atabaki na mafua yake."

Akaguna. Halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni yake, "Sauti imeonekana."

Jumatatu nitakaa nyuma kabisa, na wanangu wote wawili. Kompyuta yangu naiacha nyumbani.