Kasa Mwekundu wa Aigina

Aigina, siku ya pili ya mwezi mpya, tini zinaanza kuiva

Kwa baba yangu Lisania, Faleroni, bandari ya Athene.

Shikamoo baba. Sisi huku wazima, ila mtoto ana kikohozi kidogo. Mama anaendeleaje na goti lake? Barua zangu tatu hukuzijibu, na huenda hii nayo ukaitia motoni chini ya chungu cha lami. Isome kwanza.

Jana mashua ya vitunguu imeleta habari kwamba Wasparta walioziba njia ya Thermopili wamekufa wote, na Waajemi wanashuka kuja Athene. Wanasema mji wenu umeamriwa kuhama. Baba, njooni kwangu. Nina vyumba viwili vitupu na kisima. Vita vya Athene na Aigina vimekwisha tangu mwaka jana, wakubwa wameapa mbele ya miungu. Damofilo mume wangu amesema, "Mwambie mzee nyumba ni yake, hata kama hataki kuniona mimi." Ndivyo alivyosema, sijaongeza neno.

Binti yako,
Melita


Faleroni, siku nne baadaye

Melita,

Mimi mzima. Mama yako mzima, ukiacha goti. Atakuja kesho kwa mashua ya mchana, pamoja na mbuzi wake. Mpokee vizuri.

Mimi siji. Kila mwanamume anayeweza kushika kasia anakwenda kisiwani Salamis kwenye merikebu, na sisi mafundi wa merikebu ndio wa kwanza. Leo tumefunga nyumba. Mama yako amefagia ua mzima. Nikamwuliza, "Sasa unamfagilia nani, Waajemi?" Akanijibu, "Wakija wasiseme walikuta uchafu." Nikamwacha amalize.

Mumeo asinitumie salamu. Nikerato mwanangu alikuwa na miaka kumi na tisa merikebu ya Aigina ilipoipasua ya kwao. Walionusurika waliniambia ilikuwa imechorwa kasa mwekundu kwenye omo, pale mbele kabisa. Miaka saba nimekaa na swali moja, nawe nijibu bila kuzunguka. Siku ile mumeo alikuwa merikebu gani?

Baba yako


Aigina, siku ya kumi na mbili ya mwezi

Baba,

Shikamoo. Mama amefika salama na tayari anagombana na mama mkwe wangu juu ya namna ya kupika dengu, kwa hiyo ujue hajambo.

Umeniuliza, nakujibu. Alikuwa kwenye Kasa Mwekundu, safu ya juu, upande wa kushoto. Hakujua kaka yangu alikuwamo katika merikebu ile hadi majina ya waliokufa yalipofika, siku ya tatu. Aliniambia mwenyewe, amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Nilikaa naye miezi miwili bila kumsemesha. Nilitaka kurudi kwetu, lakini tangu nilipoolewa na Mwaigina wewe ulikwisha kusema huna binti. Basi nikabaki. Kwa hilo sitakuomba radhi.

Ameondoka jana kuja Salamis, na merikebu ni ile ile. Ukitaka kumwendea na shoka, barua yangu haitakuzuia. Ila mtazame usoni kwanza.

Melita


Salamis, mwezi umepungua

Binti yangu,

Natumai hamjambo nyote. Sisi tunalala mchangani, tunakula uji wa shayiri na samaki wa chumvi. Athene inaungua, moshi tunauona kutoka hapa. Watu hawalii, wananoa silaha. Wakubwa wanagombana kutwa. Wakorintho wanataka tuondoke tukalinde kwao, sisi tunasema ni hapa hapa, maji ni membamba, merikebu za Waajemi zitagongana zenyewe kwa wingi wake.

Juzi msimamizi akanipeleka ufukoni. "Mzee, hii inavuja. Wewe ndiye fundi pekee asiye na kazi mkononi." Nikainua macho, nikamwona kasa mwekundu.

Mwanamume mmoja akatokea na ndoo. Mrefu, ana masikio makubwa.

"Mimi ndiye Damofilo, baba."

"Usiniite baba."

"Basi nikuiteje?"

"Usiniite."

Akaweka ndoo chini. "Kama hutaki kuigusa, sema, tutaiziba wenyewe kwa matambara. Ila humo ndani tumo mia moja na sabini, na wengi hawakuwapo siku ile."

Nikaingia chini ya ubavu wa merikebu. Niliishika ile shaba ya mbele, iliyopasua merikebu ya mwanangu. Melita, ningeweza kuacha ufa mmoja usioonekana. Mikono yangu inajua pa kuuacha. Nakwambia haya ili mtu asije akaniita mtu mwema.

Nikamwambia, "Lete lami." Tumefanya kazi siku mbili. Nimebadilisha mbao tatu, nimekalafati kila mshono wa mbao kwa lami hadi ukazibika, nikarudia tena. Hatukusemezana ila "nipe" na "shika". Haitavuja.

Sasa hivi wamekuja kutuambia Waajemi wameziba njia zote za kutokea. Hakuna tena wa kuondoka. Mbusu mjukuu wangu.

Baba yako


Aigina, siku mbili baada ya vita

Baba,

Shikamoo, kama upo wa kuitikia. Leo siulizi afya. Pwani yetu imejaa mbao na makasia yaliyovunjika. Watu wanapiga kelele kwamba tumeshinda. Merikebu nane zimerudi, Kasa hayumo. Mama amekaa kwenye mwamba tangu asubuhi, hataki kushuka. Nami sijui namngoja nani zaidi. Nitumie neno moja tu.

Melita


Faleroni, siku kumi na mbili baadaye

Binti yangu,

Wote wawili tu wazima. Nimeanza na hilo, mengine yasome ukiwa umekaa. Niwie radhi kwa kuchelewa, hakuna mashua iliyoruhusiwa kutoka.

Mumeo amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Wenzake kumi na mmoja wamekufa. Mimi nilikuwa kwenye merikebu yetu ya Athene, safu ya chini, ambako mtu husikia tu. Lakini kupitia tundu la kasia nilimwona kasa mwekundu akitujia moja kwa moja. Nikasema, haya, na mimi leo. Merikebu yao ikatupita kwa nyuma, ikaipasua ya Wafoinike wa upande wa Waajemi iliyokuwa imekaribia kutugonga ubavuni.

Tuzo ya kwanza ya ushujaa mmepewa ninyi Waigina, sisi ya pili. Watu wetu wamenuna. Nimewaambia merikebu yao niliikalafati mimi, hakuna aliyecheka.

Sijamsamehe. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, "Sijakuomba." Tukala pamoja.

Nyumba yetu imebaki kuta mbili, na mji mzima ni hivyo. Jeshi lao la nchi kavu halijaenda mbali, mwakani linaweza kurudi. Wakichoma, tutajenga. Wakichoma tena, tutajenga tena. Mama yako akae kwako hadi nimalize paa, akija mapema ataanza kuniamrisha. Damofilo hajarudi kwa sababu yuko nami hapa, ananishikia maboriti. Fundi hawezi kuwa, msumeno wake unakwenda upogo. Naishia hapa, maana namwona anaanza kukata ile mbao ndefu na hajaipima.

Baba yenu