Bei ya Mkate Kila Unapolala

Ipagala, Dodoma
11 Februari 2024

Mwanangu Hilda,

Mbukwa, kwa salamu yetu ya Kigogo. Mimi na mama yako ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limekuwa hivyo tangu nistaafu na halihitaji kutajwa tena. Natumaini nawe u mzima. Ruthu wa jirani ataipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu yake. Ujumbe wa maneno matano mimi siuhesabu kuwa barua.

Jumapili, nje ya kanisa, baba yako mdogo Ludovick alitangaza kwamba unalipwa milioni sita kwa mwezi kwa kugawa soda angani. "Huyo si mtoto, ni benki yenye miguu!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Milioni sita ni nambari tu mpaka nijue zinanunua nini mahali unapoishi. Kwa hiyo nataka jambo moja kwako: kila mji utakaolala, niandikie bei ya mkate. Hapa Ipagala ni shilingi elfu moja na mia tano. Nitaziandika katika daftari, kama nilivyoandika kila treni iliyopita stesheni ya Gulwe kwa miaka ishirini na sita.

Fedha zako zimefika. Ada ya mdogo wako Sila chuoni Hombolo imelipwa kwa muhula huu, na mabati ya nyumba mpya yamenunuliwa, mia moja na ishirini. Bado mbao.

Baba yako,
Elisha


Makazi ya wahudumu wa ndege, Ghuba
Chumba 614
2 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye, shikamoo. Mimi ni mzima, nimechoka tu kidogo. Pole na goti, ingawa umekataza lisitajwe.

Mkate, kwa shilingi zetu: Manila, elfu tatu na mia saba. Frankfurt, elfu tisa. Zurich, elfu kumi na mbili. Huo niliurudisha rafuni. Hapa ninapoishi, elfu tatu na mia tano.

Baba mdogo hajakosea hesabu, ila hajui zinavyopatikana. Mshahara wangu wa kudumu ni milioni tatu. Hizo nyingine tatu ni malipo ya saa za hewani, kama themanini na tano kwa mwezi, na saa huanza kuhesabiwa mlango wa ndege ukishafungwa na ndege ikaanza kusogea. Kabla ya hapo tunakagua vifaa, tunapokea abiria, tunabeba mizigo ya wazee na kubembeleza watoto. Saa mbili, wakati mwingine tatu. Hazilipwi. Nisiporuka kabisa, nabaki na zile za kudumu peke yake.

Unamkumbuka Mehnaz, binti wa Arif wa duka la vitambaa pale mjini? Amehamia kampuni ya Ulaya. Analipwa kwa yuro na ndugu zake wanajivuna. Nusu ya mshahara inakwenda kwenye kodi ya chumba, na humo analala na wenzake watatu. Nilipolala Frankfurt alinifuata hotelini. Baada ya salamu aliniuliza kama nimebakiza mikate ya kwenye ndege.

Mwanao,
Hilda


Ipagala
21 Machi 2024

Mwanangu Hilda,

Mbukwa. Sisi ni wazima. Mvua imekuja vizuri.

Nimekokotoa. Saa yako moja ya hewani hununua mikate kumi huko unakoishi, haifikishi mitatu Zurich, na hapa kwetu ni ishirini na mitatu. Ludovick anahesabu kwa mkate wa Ipagala, wewe unakula wa huko. Nimemwonyesha daftari. Alisema, "Kaka, umezeeka, unahesabu mikate ya watu." Mama yako anauliza kama hao wa Zurich wamekosa unga wa ugali.

Kuhusu saa zisizolipwa, sikubaliani nazo. Mwaka ule mafuriko yalipong'oa reli, hapakupita treni Gulwe kwa siku thelathini na nne. Nilifika stesheni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nikafagia, nikasaini. Nililipwa siku zote thelathini na nne. Mtu aliyefika kazini yuko kazini.

Endelea kuniandikia bei.

Baba yako,
Elisha


Chumba 614
28 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mimi sijambo. Nimetuma milioni mbili na nusu kama kawaida. Naomba radhi kwa ufupi, ratiba imebana.

Mkate: elfu tatu na mia tano.

Mwanao,
Hilda


Chumba 614
30 Mei 2024

Baba, shikamoo. Nimetuma. Mwambieni Sila asome. Huku ni joto tu.

Mkate: elfu tatu na mia tano.

Mwanao,
Hilda


Ipagala
8 Juni 2024

Hilda,

Salamu nitazitoa mwishoni.

Nimefungua daftari. Februari ulinitajia miji minne. Aprili, elfu tatu na mia tano. Mei, elfu tatu na mia tano. Treni isiyofika stesheni yoyote kwa miezi miwili haiko safarini, hata dereva akipiga simu kusema ratiba imebana. Imesimama mahali. Huruki, mwanangu.

Na kama huruki, unapata milioni tatu, nawe umetutumia mbili na nusu mara mbili. Unakula nini?

Mabati nimeyauza. Debora mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameyachukua yote kwa hasara ndogo. Kwa fedha hizo nimelipa ada ya Sila mpaka Desemba. Zilizobaki nimemkabidhi Arif, na Mehnaz atakufikishia. Sila ameambiwa, likizo atapogoa mizabibu kama kibarua Hombolo. Mama yako alilia kidogo kwa ajili ya mabati, na sana kwa ajili yako. Usitume hata senti moja mpaka nikuambie.

Sasa niandikie ukweli, wote.

Mbukwa. Sisi ni wazima. Wewe je?

Baba yako,
Elisha


Chumba 614
12 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama, shikamoo, usilie. Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimekaa sakafuni.

Mimi si mzima. Mwanzoni mwa Aprili niliruka nikiwa na mafua, kwa sababu saa zangu za mwezi zilikuwa chache. Tukiwa tunashuka Athens, sikio la kushoto lililia kana kwamba mtu amevunja kijiti ndani yake. Kiwambo cha sikio kimetoboka. Daktari wa kampuni amenizuia kuruka mpaka kizibe, na alinieleza wazi: nikipanda kabla, naweza nisisikie tena upande huo.

Niliwaficha. Na si hilo tu. Kesho kutwa nilikuwa na miadi kwa daktari mwingine, wa mtaani, ambaye huandika cheti cha uzima bila kuuliza mengi. Tarehe ishirini ningekuwa hewani. Nilijiambia: sikio moja, mabati mia moja na ishirini.

Sasa mabati hayapo. Nimekukasirikia siku nzima, Baba, nakwambia kweli. Ulinunua kwa saa zangu, ukauza bila kuniuliza. Kisha jioni nikaifuta ile miadi.

Nitakaa chini mpaka sikio lipone. Mkataba wangu unaisha Septemba. Nitakachofanya baada ya hapo nitakikokotoa mwenyewe. Daftari ninalo na mimi.

Mwanao,
Hilda


Ipagala
19 Januari 2025

Mwanangu Hilda,

Mbukwa. Sisi ni wazima. Nyumba ina kuta, haina paa, na mvua hii imeotesha mlenda sebuleni. Mama yako amekataa using'olewe. Anachuma humo humo na kupika.

Ulipokuja Oktoba na kutuambia kwamba umekataa mkataba mpya wa huko, na kwamba utahudumia ndege za hapa nchini kwa milioni moja na laki nne, Ludovick aliniomba nimwonyeshe tena lile daftari la mikate. Mimi niliusoma mkataba wako huu wa hapa nchini, nikafika ukurasa wa pili: saa huhesabiwa tangu mhudumu anaporipoti uwanjani. Niliufunga, nikakurudishia. Jioni ile ulikuwa unamenya viazi. Nilisimama kushoto kwako nikalitaja jina lako kwa sauti ya chini sana. Uligeuka. Hukujua kwamba ulikuwa mtihani.

Jana tulikwenda uwanja wa ndege, mimi, mama yako na goti. Tulisimama kwenye uzio. Mlango ulipofunguliwa ulitokea juu ya ngazi, ukamshika mkono bibi mmoja mpaka akakanyaga chini. Nilikuita. Injini bado zilikuwa zinanguruma na hakuna sikio, zima au bovu, ambalo lingesikia, kwa hiyo sikukuandikia kosa. Baadaye ulitazama upande wetu na kupunga mkono. Mama yako anadai ulimpungia yeye. Hatujaafikiana.

Nimeandika katika daftari: Imewasili saa nne na dakika kumi na mbili. Imeondoka saa nne na dakika hamsini na tano. Mhudumu yuko kazini.

Mabati tutaanza upya, pole pole, kumi kumi, mimi kwa pensheni na Sila akianza kazi. Wewe utachangia ukishakula.

Ratiba inaonyesha kwamba kesho unalala Mwanza. Nasubiri bei.

Baba yako,
Elisha